Nani Apishe Nani Karura, na Je, Tairi Huharibu Msitu?

SWALI: Mwaka huu nilinunua baiskeli ya milimani ya mtumba, na Jumapili huwa naipeleka Msitu wa Karura, Nairobi, nikitokea Ruaka. Juzi nilimpita mama mmoja kwenye mteremko, akanifokea kwamba sisi wenye baiskeli tunahatarisha watu na kuharibu msitu. Sikumgusa, na kengele nilipiga. Rafiki yangu anasema dawa ni kujichongea kijia chetu wenyewe, mbali na watembeaji. Nani ana haki ya njia? Ni kweli tairi huharibu udongo? Na mvua zikianza nifanyeje? Mwanangu wa miaka 11 naye anataka kuandamana nami. (Msomaji, Ruaka)

JIBU: Ndugu yangu wa Ruaka, haki ya njia ilikuwa ya mama. Kengele humjulisha mtu kwamba unakuja. Haikupi ruhusa ya kupita. Kwenye njia wanayotumia watu mchanganyiko, mwenye magurudumu humpisha mwenye miguu, na anayeteremka humpisha anayepanda. Wewe ulikuwa na magurudumu na ulikuwa unateremka, kwa hiyo ulipaswa kupisha kwa sababu zote mbili. Utaratibu huu haukutungwa ili kuwabana waendesha baiskeli. Ulienezwa na waendesha baiskeli wenyewe. Chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, IMBA, kilianzishwa Marekani mwaka 1988, wakati ambapo vijia vingi vya California vilikuwa vikifungiwa baiskeli kwa sababu ya malalamiko kama ya mama huyo. Waliona kwamba wasipojiwekea adabu wao wenyewe, watawekewa geti.

Kuhusu hatari pia ana hoja, hata kama hukumgusa. Hebu tupige hesabu. Ukiteremka kwa kilomita 30 kwa saa, unakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mtoto akichomoza mbele yako, sekunde nzima huisha kabla hujashtuka na kukaza vidole, na mita hizo 8 zimeshapita. Halafu juu ya udongo mkavu wenye vumbi unahitaji mita nyingine 11 au 12 ili usimame bila kuserereka. Jumla ni kama mita 20. Sasa punguza hadi kilomita 15 kwa saa: jumla inashuka hadi mita 7 hivi. Umepunguza kasi kwa nusu, na umbali wa kusimama umepungua kwa karibu theluthi mbili. Kwa hiyo, kwenye kona iliyozibwa na vichaka, usiende kasi inayokuzuia kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona. Nasema nusu kwa sababu upande wa pili anaweza kuwa anakuja mwenye baiskeli mwingine, na yeye pia anahitaji nusu yake.

Na kupita kwenyewe kuna namna. Ukiwa bado mita 15 au 20 nyuma ya mtu, achia pedali na useme kwa sauti ya kawaida: “Habari yako, naomba kupita upande wa kulia.” Sauti ya binadamu hufanya kazi nzuri kuliko kengele, maana kengele humfanya mtu aruke pembeni bila kujua aruke upande gani. Ngoja ageuke akuone. Ikiwa ana mbwa au mtoto, au ni mzee, au amevaa vifaa vya muziki masikioni, shuka hadi kasi ya mtu anayetembea kabla ya kumfikia. Mkiwa kundi, wa kwanza aseme, “Tuko watatu,” na wa mwisho aseme, “Mimi ndiye wa mwisho, asante.” Mtu aliyepitwa na baiskeli mbili huku akidhani imekwisha, ndiye anayegongwa na ya tatu.

Sasa tuje kwenye udongo. Hapa mama amepatia nusu. Utafiti mmoja uliofanywa katika jimbo la Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha watembeaji, farasi, pikipiki na baiskeli kwenye vijia vya milimani. Ulikuta kwamba kwato na nyayo hulegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, hasa kijia kikiwa kimelowa. Gurudumu linalozunguka hugandamiza udongo na kuendelea na safari yake. Tatizo ni gurudumu lililofungwa breki likaacha kuzunguka, likawa linakokotwa.

Nenda mwenyewe ukatazame kona yoyote iliyo chini ya mteremko, inama uchunguze. Pale watu wanapochelewa kufunga breki, utaona mstari mmoja uliochimbika upande wa ndani wa kona, upana wake ni wa tairi na kingo zake zimesimama wima. Siku ya kwanza ulikuwa mkwaruzo tu: tairi la nyuma liliserereka, likang'oa ile ngozi ngumu ya juu iliyogandamizwa na nyayo za miaka mingi. Chini ya ngozi hiyo udongo ni laini. Mvua ya kwanza ikipata mkwaruzo huo, haisambai tena kwenda pembeni kwenye majani. Inafuata mstari, inaongeza mbio na kubeba udongo. Baada ya wiki chache kidole chako kinazama humo chote. Mizizi inabaki wazi, nayo ikilowa inateleza kama imepakwa sabuni, kwa hiyo watembeaji wanauhama mstari na kukanyaga ukingoni. Majani ya ukingoni yanakufa, njia inapanuka, na baiskeli nazo zinafuata huko pembeni. Kijia kilichokuwa cha upana wa mtu mmoja kinakuwa uwanja mwekundu usio na jani. Chanzo chake ni breki za watu waliofika kwenye kona wakiwa na kasi kupita kiasi.

Ndiyo maana kwangu uendeshaji wa adabu msituni ni ufundi wa mikono kabla ya kuwa nia njema. Funga breki ungali kwenye sehemu iliyonyooka, umalize kupunguza kasi, kisha uachie na kuiacha baiskeli ipinde huku magurudumu yote mawili yanazunguka. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa sababu ukipunguza kasi uzito wako unasogea mbele. Ile ya nyuma hufunga upesi na kuserereka. Wengi wetu tulilelewa tukiogopa breki ya mbele kwamba itatupindua, tukazoea kukamua ya nyuma peke yake. Jifunze kutumia zote mbili kwa kidole kimoja au viwili, ukikamua polepole kama unayebana ndimu. Simama juu ya pedali, pedali zikiwa sambamba na ardhi, visigino chini, viwiko vimelegea, kiuno kimesogea nyuma kidogo. Macho yatazame unakokwenda, si gurudumu la mbele.

Kwa kuwa baiskeli yako ni ya mtumba, kuna jambo la kuhakikisha kabla ya Jumapili ijayo. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zilizotoka Marekani iko mkono wa kushoto. Sokoni zote huchanganywa pamoja, na mafundi wengine hubadilisha nyaya bila kumwambia mnunuzi. Simama karibu na baiskeli, kamua mkono mmoja, uisukume uone gurudumu gani limegoma. Kama hukujua hadi leo, basi siku ya dharura mkono wako ungekamua usichokitarajia. Ukipenda zibadilishwe, kwa breki za waya ni kazi ndogo kwa fundi. Akimaliza, mwombe pia atazame raba za breki kama zimebaki na unene wa kutosha, waya usiwe umechanika nyuzi karibu na mkono, na ekseli zisiwe zinacheza ukitikisa gurudumu kwa upande.

Upepo wa tairi nao ni sehemu ya adabu. Mafundi wetu wa barabarani hupenda kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, kwa sababu wamezoea baiskeli za kubeba mizigo. Tairi la namna hiyo msituni linarukaruka juu ya mizizi na kuserereka kwenye kona. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye matairi mapana ya kawaida yenye tyubu, upepo wa PSI 30 mbele na 33 au 34 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukisikia rimu inagonga mizizi, ongeza kidogo. Shokomzoba za mbele zikiwa zimekufa, wala usihangaike sana: tairi lenye upepo sahihi na viwiko vilivyolegea vitakubebea kazi kubwa.

Mvua sasa. Udongo wa Karura, kama wa sehemu kubwa ya Kiambu, ni ule mwekundu wa mfinyanzi ambao ukikauka ni imara sana na ukilowa unanata kama ugali. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, kuna siku ambazo hupaswi kuendesha humo kabisa. Kipimo changu ni alama ya tairi. Ingia mita chache, shuka, tazama nyuma. Ukiona meno ya tairi yamechapa tu kijuujuu, endelea. Ukiona umeacha mfereji wenye kingo, au tope limejaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma, rudi. Subiri jua la siku moja au mbili; sehemu zilizo wazi hukauka upesi, zilizo chini ya mianzi na miti mikubwa huchelewa. Siku kama hizo tafuta barabara yenye changarawe.

Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita katikati yake, polepole. Najua unataka kulikwepa, na hata watembeaji hulikwepa. Lakini kila anayelikwepa analipanua, na baada ya msimu mmoja dimbwi la upana wa meza linakuwa bwawa la upana wa lori. Kama huna hakika na kina chake, shuka ukokote baiskeli. Majani na magamba ya mikaratusi yaliyoanguka nayo yanateleza sana yakilowa, hata siku ambayo udongo wenyewe uko sawa. Usipinde juu yake, wala usifunge breki juu yake.

Wazo la rafiki yako silikubali hata kidogo, na naomba ulikatae hadharani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata na kufyeka mimea msituni bila idhini, kwa hiyo mnaweza kushtakiwa. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, kijia kinachochongwa na watu wawili kwa panga karibu kila mara hushuka moja kwa moja kufuata mteremko, kwa kuwa ndiko kunakosisimua, na maji hufuata huko huko. Watengeneza njia wanaoijua kazi hawaupi mwinuko wa kijia zaidi ya nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, na hujitahidi wastani usizidi kama asilimia 10. Wanakata njia ikate ubavu wa mlima, ukingo wa chini ukiwa umeinama kidogo ili maji yavuke na kutoka, na kila baada ya mita kadhaa njia inapanda kidogo ili maji yakwame na kumwagika pembeni. Hiyo ni kazi ya kupima, ya majembe na ya siku nyingi. Tena kijia cha siri hupita mahali ambapo wanyama walikuwa na faragha yao. Karura kuna mbawala, kuna paa wadogo wanaolala vichakani mchana, kuna kima, na kuna mbega waliorudishwa humo katika muongo uliopita baada ya kutoweka. Wanyama hao wamezoea watu kwenye njia zinazojulikana. Mtu akitokea kusiko na njia, wanakimbia.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi wanaoendesha Karura leo walikuwa hawajazaliwa lilipotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti pale wakashambuliwa na walinzi, naye akapasuliwa kichwa. Msitu ulinusurika. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa kwa sababu ya waporaji. Kilichoubadilisha ni ushirikiano kati ya Huduma ya Misitu ya Kenya na chama cha jamii cha Marafiki wa Msitu wa Karura: ua wa umeme, walinzi kutoka vijiji vya jirani, na zaidi ya kilomita 50 za njia zenye vibao. Hizo zaidi ya hekta 1,000 unazozifurahia zimebaki kwa sababu watu wa kawaida walizitumia kwa utaratibu na kuzilipia kiingilio. Kijia cha wizi kinaurudisha msitu kule kwenye mtindo wa kila mtu kujikatia kipande chake, na hilo linaniuma.

Kama njia pana zimeanza kukuchosha na unataka kitu chenye changamoto, sema hivyo kwa wanaousimamia msitu, na ujitolee nguvu zako. Kikundi cha waendesha baiskeli kinachofika na majembe siku ya kuzibua mitaro husikilizwa kinapoomba njia yao. Nimeona maombi ya namna hiyo yakipewa nafasi kuliko barua kumi za malalamiko.

Kwa sasa fuata vibao. Barabara pana za msitu ni zako na za wengine wote. Penye kibao cha kukataza baiskeli, hata kama kijia kinavutia namna gani, pita kwa miguu. Kuteremkia kwenye maporomoko na mapango waliyojifichamo Mau Mau, iache baiskeli juu. Kule kuna ngazi na familia nyingi, si mahali pa magurudumu. Makutano ya njia yana namba, nawe ukianguka au ukikuta mtu ameanguka, namba ya makutano ya karibu ndiyo itakayomleta mlinzi upesi, basi izoee kuitazama unapopita. Chupa za maji za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku katika hifadhi na misitu ya Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo funga kishikio cha chupa kwenye fremu na ubebe ya kujaziwa. Malango hufunguliwa asubuhi na mapema na hufungwa jioni. Jumapili kuanzia saa nne asubuhi njia hujaa watoto, mbwa na vikundi vya makanisa. Ukitaka kwenda kasi, nenda alfajiri, au Jumanne.

Siku ukitaka kubadilisha mandhari, Hell's Gate kule Naivasha ni kati ya hifadhi chache za taifa nchini ambamo baiskeli inaruhusiwa kati ya wanyama. Barabara kutoka lango la Elsa kuelekea korongo la Ol Njorowa ni tambarare kwa sehemu kubwa, na utapita pembeni ya pundamilia na twiga. Nyati nao wapo. Ukiwaona karibu na barabara, simama mbali usubiri wasogee, usijaribu kuwawahi.

Mwanao mlete, miaka 11 ni umri mzuri sana. Kofia ngumu kwanza, ikae juu ya nyusi, si kisogoni. Kiti kiwe chini kiasi kwamba anaweza kuweka miguu yote miwili ardhini. Halafu tazama vidole vyake: breki nyingi za mtumba zilikusudiwa mikono ya watu wazima, na mtoto hazifikii bila kuachia usukani. Karibu na mkono wa breki kuna skrubu ndogo inayousogeza karibu. Izungushe hadi kidole cha shahada kifike bila kunyooka kabisa. Kwenye tambarare na kwenye miinuko mwache atangulie ili umwone. Kwenye miteremko tangulia wewe, ili kasi yako iwe ndiyo kasi yake.

Na kabla hamjaingia msituni, tafuta kiwanja cha nyasi mcheze mashindano ya kwenda polepole: mita 10, anayefika wa mwisho bila kukanyaga chini ndiye mshindi. Mchezo huo unamfundisha kutumia breki kwa ulaini na kukaa sawasawa juu ya pedali upesi kuliko maelezo yoyote, na huenda akakushinda.